Msimbo wa Giaboksi si Hukumu: Somo kwa Vikundi Vyenye Pikapu

Muda: vikao viwili vya saa moja moja.
Vifaa: daftari, kalamu, kitabu cha gari kama kipo, kitambaa safi cheupe, na gari lenyewe likiwa limeegeshwa mahali tambarare.

UTANGULIZI



Kikundi kinapojikusuru shilingi kwa shilingi mpaka kikanunua pikapu, kilichonunuliwa si chuma peke yake. Ni mboga za Kongowea zinazofika Mtongwe kabla jua halijapanda. Ni samaki, ni mawe ya kujengea nasari, na ni mgonjwa wa Mishomoroni anayekimbizwa hospitali saa nane za usiku. Gari hilo likilala gerejini wiki moja, nyumba nyingi zinajua.

Zamani pikapu ya dizeli ilikuwa na klachi na gia za mkono, na fundi alitumia sikio lake, pua yake na spana. Siku hizi pikapu nyingi ni za otomatiki, ziwe mpya au zile zilizotumika ng'ambo ambazo sheria yetu huziruhusu kuingia zikiwa hazijapita miaka 8. Ndani yake mna kompyuta. Likitokea tatizo kompyuta huwasha taa kwenye dashibodi na kuweka namba ya siri. Namba hiyo huitwa msimbo. Mafundi wengi husema "kodi", lakini msiogope, si ile ya serikali.

Tumeandika somo hili kwa sababu namba hiyo inaweza kuokoa pesa za kikundi, na inaweza pia kuzimaliza. Neno la somo ni moja: msimbo ni dalili, si hukumu. Hutuambia tuanze kutafuta wapi. Hautuambii tununue nini.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanakikundi, hata asiyejua kuendesha gari, aweze:
1. Kueleza kwa maneno yake msimbo ni nini na P0700 ni nini.
2. Kutaja mambo ya kuangalia kabla giaboksi haijashushwa.
3. Kumuuliza fundi maswali ya maana bila kumvunjia heshima.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Wanakikundi wanne waigize mazungumzo haya. Ni mfano tu, si habari ya kikundi fulani.

DEREVA: Mwenyekiti, tangu jana gari yakataa kubadilisha gia. Nikiikanyaga yalia tu, yaenda kama kobe. Na taa ya injini imewaka.

MWENYEKITI: Fundi, umeonaje?

FUNDI: Mzee, nimeipiga mashine. Imetoa P0700. Hiyo giaboksi imekufa. Niko na mtu anauza moja ya Japani, laki moja na nusu. Lakini kesho akipata mteja mwingine imekwenda. Mnipe nusu leo.

MWEKA HAZINA: Laki na nusu! Mwanangu, hizo si ndizo pesa zote za kikundi? Hiyo namba ndiyo yasema giaboksi imekufa, ama ni wewe wasema?

FUNDI: Mama, kompyuta haidanganyi.

MWENYEKITI: Basi kama kompyuta imesema, sisi ni kina nani? Tupige kura tumalize.

Simamisheni igizo hapo. Jadilianeni:
- Ni nani katika igizo aliyeuliza swali la maana? Kwa nini hakujibiwa?
- Fundi amesema uongo, ama amesema nusu ya ukweli?
- Mbona haraka yote hii?

Kabla hamjaendelea, fanyeni hesabu. Tuseme kikundi kina watu 25 na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni shilingi 5,000. Laki moja na nusu ni jasho la wiki 30, karibu miezi saba. Uamuzi wa miezi saba unataka kufanywa kwa dakika kumi, kwa sababu ya namba moja ambayo hakuna aliyeuliza maana yake.

SEHEMU YA PILI: TUPIME

(a) Giaboksi ya otomatiki yafanyaje kazi?

Gari la gia za mkono lina klachi. Dereva akiikanyaga, injini na giaboksi huachana, naye hubadilisha gia. Kwenye otomatiki hakuna pedali ya klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, huitwa konveta. Injini husukuma mafuta, nayo mafuta husukuma giaboksi. Ndani ya giaboksi yenyewe mna sahani nyembamba za klachi. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu, mafuta hubana sahani hizi au zile, na gia hubadilika.

Nani huamua ni sahani gani zibanwe? Ni kompyuta. Nayo haioni wala haisikii. Hutegemea vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa. Kihisi kimoja hupima mwendo unaoingia giaboksi kutoka kwa injini. Kingine hupima mwendo unaotoka kwenda magurudumuni. Kingine hupima joto la mafuta, na kingine hujua mkono wa gia uko P, R, N au D. Kompyuta ikishapata habari hizo, hutuma umeme kwa solenoidi, yaani vikoki vidogo vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za mafuta.

Basi tazameni: giaboksi ina vitu vinne vinavyotegemeana. Kuna umeme, kuna habari za vihisi, kuna mafuta, na kuna vyuma na sahani. Kimoja kikiharibika, dereva huona jambo lile lile: gari halibadilishi gia. Lakini bei ya dawa hailingani hata kidogo. Waya uliolika na chumvi si sawa na sahani zilizoungua.

Kompyuta ikiona habari haziingiliani, hulinda giaboksi kwa kuifunga kwenye gia moja, mara nyingi ya pili au ya tatu. Ndiyo sababu gari la dereva wetu lilienda kama kobe. Gari linalotembea hivyo halijafa. Linajikinga ili mfike nyumbani pole pole.

(b) Kuusoma msimbo

Msimbo una herufi moja na tarakimu nne. Tuuchambue P0700.

Herufi ya kwanza hutaja sehemu ya gari. P ni injini na giaboksi. B ni bodi. C ni breki, usukani na kadhalika. U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta.

Tarakimu inayofuata, 0, huonyesha kwamba msimbo ni wa kawaida, unaofanana kwa magari ya kila kampuni. Ikiwa ni 1, kwa kawaida msimbo ni wa kampuni iliyotengeneza gari, na maana yake lazima itafutwe katika kitabu cha gari hilo hilo. P1 ya Isuzu usiisome kwa kitabu cha Toyota.

Tarakimu ya pili hutaja mtaa, kama tunavyosema Magongo au Port Reitz. Ikiwa ni 7 au 8, tuko mtaa wa giaboksi. Mbili za mwisho ndizo namba ya nyumba.

Sasa P0700 yasema nini? Yasema: "Kompyuta ya giaboksi ina neno. Muulizeni mwenyewe." Basi. Ni kama mtoto aliyetumwa kwa jirani kusema, "Mama anakuita." Hajasema mama anaumwa, wala hajasema mama amekufa. Kwenye magari mengi ambayo giaboksi ina kompyuta yake, kompyuta ya injini huweka P0700 ili iwashe taa tu. Shida yenyewe imeandikwa kwenye kompyuta ya pili.

Hapa ndipo vikundi hupotezea pesa. Mashine nyingi za bei nafuu husoma kompyuta ya injini peke yake. Fundi akiwa na mashine hiyo ataona P0700 na hataona zaidi. Si kosa lake kukosa mashine kubwa. Kosa ni kuagiza giaboksi kabla ya kutafuta mashine inayosoma kompyuta ya giaboksi.

(c) Misimbo mnayoweza kukutana nayo

P0705: kihisi cha mkono wa gia. Hukaa ubavuni mwa giaboksi, mahali pa matope na maji. Dalili zake nyingine ni gari kukataa kuwaka likiwa P, au taa ya nyuma ya rivasi kutowaka.

P0710: njia ya umeme ya kihisi cha joto la mafuta.

P0715: kihisi cha mwendo unaoingia giaboksi.

P0720: kihisi cha mwendo unaotoka.

P0750: solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia. Katika giaboksi nyingi solenoidi hufikiwa kwa kufungua sampu ya chini, bila kushusha giaboksi.

P0730: kompyuta imeona hesabu ya gia hailingani. Imeamuru gia fulani, lakini mwendo unaoingia na unaotoka haupatani. Huenda sahani zinateleza, huenda mafuta yamepungua, huenda kihisi kinadanganya.

P0741: klachi ya ndani ya konveta haishiki inavyotakiwa.

P0218: giaboksi imepata joto kupita kiasi.

U0101: kompyuta nyingine zimekosa mawasiliano na kompyuta ya giaboksi. Angalieni betri, fyuzi na waya kwanza.

Mmeona? Katika orodha hii yote hakuna msimbo usemao "nunua giaboksi". Ipo misimbo inayotia wasiwasi zaidi, kama P0730, lakini hata huo una milango mitatu ya kubisha.

(d) Utaratibu wa kuangalia, kutoka rahisi kwenda ghali

Haraka haraka haina baraka. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio. Msiruke.

Hatua ya 1: Andikeni. Kabla ya jambo lolote, andikeni misimbo yote iliyotoka, hata ile isiyoonekana kuhusu giaboksi. Andikeni tarehe, kilomita, na gari lilikuwa likifanya nini: lilikuwa na mzigo? lilikuwa limepanda mlima wa Mazeras? lilikuwa limekaa foleni ya feri saa nzima? mvua ilinyesha jana? Mwambieni fundi asifute kitu bado. Kwenye magari mengi hata kuchomoa betri huweza kufuta kumbukumbu. Anayefuta msimbo kabla ya kuuandika amefukuza shahidi kabla ya kesi.

Hatua ya 2: Betri. Kompyuta yenye njaa ya umeme husema mambo ya ajabu. Betri nzima iliyopumzika, injini ikiwa imezimwa, hupima karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, mita isome kama volti 13.5 hadi 14.7. Ikiwa chini ya hapo, tengenezeni umeme kwanza, ndipo msome misimbo upya. Angalieni pia vichwa vya betri na waya wa ardhi unaofungwa kwenye chesi. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi. Ule unga wa kijani au mweupe unakula shaba kimya kimya.

Hatua ya 3: Waya na plagi. Fundi aingie chini afuate waya za giaboksi kwa macho na mkono. Zimeguswa na ekzosi? Panya wamezitafuna? Plagi zina maji, mafuta au kutu ndani? Wakati wa masika gari likipita kwenye maji marefu, maji hutafuta kila tundu. Plagi iliyosafishwa, ikakaushwa na kufungwa vizuri, imeondoa misimbo mingi ya vihisi.

Hatua ya 4: Mafuta ya giaboksi. Kama gari lina kijiti cha kupimia, kwa magari mengi hupimwa hivi: gari mahali tambarare, injini ya moto na inaunguruma, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki. Dereva apitishe mkono wa gia polepole P, R, N, D, kisha arudishe P. Ndipo kijiti kivutwe, kifutwe, kirudishwe na kuvutwa tena. Zipo kampuni zinazotaka N, kwa hiyo someni kitabu. Pikapu nyingi za kisasa hazina kijiti. Hupimwa kwa kufungua skrubu ya chini mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa kitabuni. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeizoea, kwa sababu mafuta ni ya moto na gari lazima liinuliwe likiwa sawa pande zote.

Dondosheni tone kwenye kitambaa cheupe. Mafuta mengi ya otomatiki yakiwa mapya ni mekundu. Yakiwa ya kahawia iliyoiva na yananuka kuungua, yamepata joto jingi na huenda sahani zimeumia. Yakiwa kama maziwa ya waridi, maji yameingia. Katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta, na bomba likitoboka huko, maji na mafuta huchanganyika. Mkiona hivyo, msiwashe gari tena. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya, lakini tope laini la kijivu kwenye sumaku ya sampu ni la kawaida.

Tena, mafuta yana aina. Mafuta mazito ya giaboksi ya mkono hayafai kabisa kwenye otomatiki. Hata ya otomatiki si yote sawa. Tieni yale tu yaliyotajwa katika kitabu cha gari.

Hatua ya 5: Pimeni kihisi au solenoidi iliyotajwa. Fundi wa umeme ana mita. Atapima waya kutoka kompyutani mpaka kwenye kihisi, kisha kihisi chenyewe, alinganishe na kitabu. Msinunue kihisi kipya kwa sababu tu jina lake limetajwa. Msimbo mara nyingi hutaja njia nzima: kihisi, waya na plagi kwa pamoja.

Hatua ya 6: Futeni msimbo, endesheni, someni tena. Baada ya matengenezo, gari liendeshwe barabara ya kawaida mpaka lipate moto na lipite gia zote. Kufuta msimbo bila kutengeneza ni kama kupangusa jasho la mgonjwa wa malaria. Ukirudi, kazi haijaisha.

Hatua ya 7: Sasa, na sasa tu, ndipo tuzungumze juu ya kushusha giaboksi. Ikiwa umeme ni mzima, waya ni nzima, vihisi vimepimwa, mafuta yameungua, gia zateleza na msimbo unarudi, basi fundi ana haki ya kusema giaboksi ifunguliwe. Hapo hakuna aliyeibiwa.

(e) Mfano kutoka ng'ambo

Msidhani haya ni ya gereji zetu za jua kali peke yake. Mwezi wa Februari 2019 kampuni ya Ford ilitangaza kuyaita magari karibu milioni 1.5 ya aina ya F-150, yaliyotengenezwa 2011 hadi 2013, huko Amerika Kaskazini. Hizo ni pikapu za otomatiki zenye gia sita. Habari ya kihisi cha mwendo unaotoka iliweza kukatika kwa muda mfupi, giaboksi ikarudi gia ya kwanza ghafla gari likiwa mbioni. Hiyo ni hatari kubwa. Na dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Hawakuambiwa wanunue giaboksi mpya. Kompyuta iliwekewa programu mpya. Ugonjwa ulikuwa kwenye habari, si kwenye vyuma.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

(a) Gari likipata shida njiani

Taa ikiwaka na gari likaanza kujikinga, dereva apunguze mzigo wa injini, aende polepole mpaka mahali salama. Ikiwa taa ya joto la giaboksi imewaka, asimame, aweke P, avute breki ya mkono, na aache injini iungurume taratibu ili mafuta yapoe, isipokuwa kama injini yenyewe imechemka au mafuta yanavuja.

Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Vijana watasukuma kutoka Likoni hadi Shelly Beach, halitawaka. Na zaidi ya hapo: msilivute kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakizunguka, vyuma vya giaboksi husagana vikavu. Kamba ya bure imeua giaboksi nzima. Gari libebwe juu ya lori. Ikiwa ni la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, linaweza kuvutwa magurudumu hayo yakiwa yameinuliwa.

(b) Kuzuia ni bora kuliko kuponya

Adui mkubwa wa otomatiki ni joto. Foleni ndefu, jua la mchana na mzigo mzito, vyote pamoja huchosha mafuta. Kwenye foleni isiyosonga wekeni N au P na breki ya mkono. Msishikilie gari kwenye mteremko wa feri kwa kukanyaga mafuta, tumieni breki. Msipakie kupita kiasi kilichoandikwa. Osheni rejeta ipitishe hewa. Badilisheni mafuta ya giaboksi kwa kilomita zilizotajwa kitabuni, na mapema zaidi kama gari lafanya kazi ngumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

(c) Kanuni tano za kikundi

Tunapendekeza kanuni hizi zisomwe mkutanoni, zijadiliwe, zikikubaliwa ziandikwe kwenye kumbukumbu:

1. Kila gari liwe na daftari. Msimbo, tarehe, kilomita, fundi na kazi iliyofanywa viandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Hakuna malipo makubwa bila maelezo ya maandishi. Fundi aandike: msimbo ulikuwa upi, alipima nini, alipata nini. Hata kwa Kiswahili cha kawaida, hata kwenye karatasi ya daftari.

3. Kikundi kikubaliane kiasi ambacho kikizidi lazima fundi wa pili aulizwe. Kulipa ada ya mashine mara mbili ni rahisi kuliko kununua giaboksi mara moja bure.

4. Spea ya zamani irudi kwa kikundi. Kilichotolewa kionekane kwa macho na watu wawili, si mmoja.

5. Asipigiwe dereva kidole kabla ya vipimo. Taa ikiwaka yeye ndiye wa kwanza kuiona, na akiogopa lawama atainyamazia mpaka siku ya mwisho.

(d) Namna ya kuzungumza na fundi

Fundi si adui. Wengi wamejifunza kazi kwa kutambaa chini ya magari tangu utotoni, na kompyuta zimewakuta wakiwa tayari wana watoto. Yule wa igizo letu pengine aliamini kabisa alichosema. Mkimwita mwizi, mtapoteza fundi. Mkinyamaza, mtapoteza pesa. Njia ya katikati ni kuuliza kwa adabu:

"Bwana fundi, P0700 tumeambiwa ni wito tu. Kompyuta ya giaboksi yenyewe yasemaje?"
"Umepima betri ngapi?"
"Tuonyeshe mafuta kwenye kitambaa."
"Hii plagi umeifungua ukaiona ndani?"
"Ukibadilisha hiki na msimbo ukirudi, tutafanyaje?"

Fundi mzuri hufurahia maswali haya, maana yanamwonyesha mteja anayejua thamani ya kazi. Na ada ya kupima ilipwe bila kinyongo. Kupima ni kazi. Mkikataa kulipia vipimo mnamsukuma fundi atafute faida yake kwenye spea.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika vitu vinne vya giaboksi (umeme, habari, mafuta, vyuma), kipi mwanakikundi asiye fundi anaweza kukiangalia mwenyewe?
2. Msimbo P0730 umetoka na mafuta yamepungua. Mtaanzia wapi, na kwa nini?
3. Gari limetoa misimbo sita kwa mpigo, ya injini na ya giaboksi. Kwa nini ni vizuri kuanza na betri?
4. Katika kikundi chenu nani ana sauti kuhusu gari? Wakina mama wanaulizwa, ama wanaambiwa tu kiasi cha kuchanga?
5. Ni uamuzi gani mwingine wa kikundi ambao mliufanya kwa sababu mtu alisema "mashine imesema", "ofisi imesema" au "mzungu amesema"?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIKAO KIJACHO

Chagueni watu watatu, mmoja wao asiwe dereva. Waende na dereva kwenye gari. Watafute mahali pa kuchomeka mashine, mara nyingi chini ya usukani, soketi yenye matundu 16. Waangalie kama giaboksi ina kijiti cha kupimia au haina. Waandike aina ya mafuta yanayotakiwa, wayabandike ndani ya kifuniko cha boneti.

Kisha rudieni igizo letu kutoka pale mweka hazina alipouliza swali lake. Safari hii msimruhusu mwenyekiti kuitisha kura mpaka mama huyo ajibiwe. Igizeni mwisho wenu wenyewe, na mhesabu ni hatua ngapi kati ya zile saba zimefanywa kabla hata shilingi moja haijatoka mfukoni.